Umri wa Limi

Yule mama aliingia mgahawani kwa Bernadina saa saba mchana, siku ya gulio pale Bugarama, akiwa amejitanda kitenge kilichopauka na ameukumbatia mfuko wa nailoni kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Hakuchagua meza. Alikaa kwenye benchi la karibu na mlango, akaagiza ugali na dagaa, kisha akainamisha macho sakafuni. Bernadina, aliyekuwa akisonga sufuria la pili la ugali, alimtupia jicho moja tu. Wageni wa namna ile hawakuwa adimu. Kina mama kutoka Kishapu na Meatu huja Bugarama kila siku kutafuta wana wao waliopotelea kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wala hawajui waanze kumuuliza nani.

"Limi, mpelekee mama pale mlangoni."

Limi akachukua sahani. Alikuwa msichana mrefu kupita wanawake wengi wa pale, mweusi wa kung'aa, mwenye mabega yaliyozoea jembe. Alipofika katikati ya meza mbili akasimama. Sahani haikumdondoka. Aliishikilia tu, mchuzi wa moto ukimmwagikia kidole gumba, hadi yule mgeni alipoinua uso.

"Limi," mgeni alisema. Hakupaza sauti. "Ng'wanone. Mwanangu."

"Mayu. Mama," Limi akajibu.

Wachimbaji wawili waliokuwa wakila wakaacha matonge mkononi. Mama yule aliinuka, akaipokea ile sahani kutoka kwa binti yake, akaiweka mezani polepole, ndipo akamshika mkono. Jina lake lilikuwa Mbuke. Kwa miezi minane alikuwa amemtafuta mwanawe Kahama, Geita na Katoro, tangu siku mwanamke mmoja alipopita kijijini akiwaahidi wasichana kazi za ndani mjini. Mnunuzi wa ng'ombe ndiye aliyemwambia kwamba amemwona Limi Bugarama, akipakua chakula. Nje walikuwa wamesimama askari wawili, mmoja wao mwanamke. Mbuke alikuwa amewaomba wasubiri, amwone mtoto kwanza kwa macho yake.

Yule askari wa kike aliingia na daftari. "Shikamoo mama," alimwamkia Bernadina. "Huyu binti hapa anaishi na nani?"

"Marahaba. Anaishi kwangu. Ni mkwe wangu," Bernadina akajibu, akijifuta mikono kwa kanga. "Ni mke wa mwanangu Fredy."

Alilisema neno lile bila kufikiri, maana alikuwa amekwisha kulizoea, na tena alikuwa akilionea fahari mbele ya majirani. Askari aliliandika, akamwomba alirudie, naye akalirudia.

Fredy alikamatwa saa hiyo hiyo kwenye karasha, mahali wanaposagia mawe ya dhahabu, akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Walimpitisha mbele ya mgahawa wa mama yake, pingu mkononi, watu wa gulio wakimfuata.

"Aliniambia ana miaka kumi na tisa!" alikuwa akisema. "Muulizeni mwenyewe. Limi, waambie!"

"Nilimwambia hivyo," Limi akasema. Alikuwa ameanza kulia. "Nilimwambia kila mtu. Yule mama aliyetuleta alisema tukitaja umri wa kweli hatutapata kazi."

"Binti ana miaka kumi na minne," askari wa kiume akamwambia Fredy, wala si kwa ukali. "Angekuambia ana arobaini, ingekuwa vile vile. Panda gari."

*

Donatus, mume wa Bernadina, alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Miaka kumi na moja ya vumbi la karasha ilikuwa imemkaa kifuani. Fredy alipopelekwa mahabusu, Donatus alisema jambo moja tu: mambo ya watoto humalizwa na wazazi. Basi wakasafiri wote wawili hadi Kishapu, kilomita nyingi za nchi kavu, mabua ya pamba yakiwa yamesimama mashambani kama vijiti vya kuchokolea meno.

Walikaribishwa vigoda viwili juani. Hakuna aliyewaletea maji. Watoto walisimama mbali wakiwatazama, na Bernadina alisikia mmoja akinong'ona kwa Kisukuma kwamba hawa ndio wenye yule mwanamume. Alijifanya hakusikia. Limi hakuonekana, alikuwa shuleni, amerudishwa darasa la sita.

Baba yake Limi, Bujiku, alitoka nyumbani akiwa amevaa koti licha ya joto. Aliwasalimu vizuri. Akasema kijana amekosea, lakini kosa lina njia yake. Mahari haikutolewa, itolewe sasa, pamoja na faini ya kumvunjia heshima. Ng'ombe kumi na wawili, na yeye ataongea na watu wa kesi, mtoto asiende kutoa ushahidi.

Donatus alianza kushukuru. Mbuke, aliyekuwa amekaa chini kando ya ukuta, akaongea bila kuinua kichwa.

"Baba Limi, mimi sikumtafuta mtoto miezi minane ili nikimpata nikute ana bei."

"Nyamaza, wanaume tunaongea."

"Ongeeni. Mimi kesi nimeshaiandikisha, na siku wakiniita nitakwenda kwa miguu."

Bujiku akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni, akaangalia ng'ombe wake wachache waliokuwa zizini. Hakurudia ile hesabu.

Wakati wa kuondoka Bernadina alimfuata Mbuke hadi jikoni, kibanda cha nyasi chenye mafiga matatu. Alipiga magoti, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu tangu alipoolewa.

"Mama Limi, wewe ni mzazi mwenzangu. Mwanangu hakujua. Nakuapia, alidanganywa."

Mbuke alifungua ule mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, imekunjika kwenye pembe, imechakaa, lakini wino ungali unasomeka. Tarehe kumi na nane Julai, mwaka elfu mbili na kumi. Uzito wa kuzaliwa, kilo tatu na robo. Chanjo zote zilikuwa zimewekewa alama.

"Sikatai. Mwanao hakujua," Mbuke akasema. "Ni mwanamume, tena kijana. Na wewe je, mama Fredy? Wewe uliyezaa, uliyelala naye nyumba moja, ukamsuka nywele. Hukujua?"

Mbuke hakusubiri jibu. Alirudisha kadi mfukoni, akaanza kuchochea moto.

*

Barua ya wito ilipokuja, ilisema Fredy amemtaja mama yake kuwa shahidi wake. Hakuwa na wakili, angejitetea mwenyewe. Donatus aliisoma barua mara mbili, kisha akaketi karibu na mkewe aliyekuwa akiosha masufuria nyuma ya mgahawa.

"Utasema alikuwa anaonekana mtu mzima," alisema. "Basi. Hata sisi tulidanganyika. Si uongo huo."

Bernadina aliendelea kusugua.

"Mama Fredy, unanisikia?"

"Nilimng'oa jino," akasema.

"Jino gani?"

"Limi. Mwezi wa nne. Aliamka analia, shavu limevimba. Nikamwambia afungue mdomo, nikadhani limeoza. Lilikuwa gego la utotoni, Baba Fredy. Linacheza, na chini yake jipya limeshachomoza. Nikalifunga uzi nikalivuta. Akaniuliza kama akalitupe juu ya paa. Akakimbia nje kulitupa, anacheka, na damu mdomoni."

Donatus alikuwa baba wa watoto watatu. Alijua meno hayo hutoka lini.

"Walikuwa wameshaanza kukaa pamoja?"

"Bado. Wiki mbili baadaye ndipo Fredy alipouhamishia mfuko wa Limi chumbani kwake. Mimi ndiye niliyewapa shuka."

Alitua sufuria. Sasa maneno yalikuwa yamefunguka hayazuiliki. Alisema jinsi Limi alivyokuwa akimaliza kazi mchana na kwenda kuruka kamba na watoto wa Kudra, jirani yao, na jinsi alivyoacha kuruka kamba baada ya kuhamia chumba kile. Akawa analala mchana kwenye magunia ya mkaa. Akiitwa anashtuka. Bernadina alikuwa akiyaona yote, na kila alipoyaona alijiambia kwamba ni ugeni wa ndoa, utapita. Maana Fredy naye alikuwa ameacha gongo. Alikuwa anarudi nyumbani mapema, anamletea mama yake sukari, anaongea habari ya kujenga. Mwaka mzima uliotangulia Bernadina alikuwa akimwomba Mungu mwanawe atulie, na kijana akatulia. Angeanzia wapi kuuliza?

"Fredy alijua habari ya hilo jino?"

"Hakujua. Alikuwa kazini."

"Basi na mahakama isijue," Donatus akasema, akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akaongeza, karibu kwa kunong'ona, "Miaka thelathini, Bernadina. Ukisema habari ya jino, unamzika."

*

Kesi ilisikilizwa faragha, kama zinavyosikilizwa kesi za watoto. Ndani hamkuwa na watazamaji, na mashahidi walingoja nje kwenye kibaraza. Bernadina alikaa upande mmoja na Mbuke, aliyeambiwa aje endapo angeitwa tena, upande mwingine. Kati yao palikuwa na nafasi ya watu sita, wala hakuna aliyekuja kuijaza. Limi alikuwa ameshatoa ushahidi wake mwezi uliopita. Daktari naye alikuwa ameshatoa. Mbuke alikuwa ameshaonyesha kadi.

Bernadina alipoitwa, aliapa kwa Biblia. Mkono wake ulinuka vitunguu. Hakimu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, alimwambia asiogope, azungumze na mahakama. Fredy alisimama kizimbani. Alikuwa amekonda, amenyolewa, na bila lile vumbi alionekana mdogo. Alikuwa ameshika karatasi alimoandika maswali yake kwa kalamu.

"Mama," alisoma, "Limi alipokuja kuomba kazi kwako, alikuambia ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mbele yangu alisema mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilipotaka kukaa naye, kuna mtu yeyote aliyeniambia kwamba huyu ni mtoto?"

"Hakuna."

Fredy alipumua. Akageuza karatasi. Bernadina aliona kwamba swali lililobaki ni moja, na kwamba mwanawe aliliandika kwa herufi kubwa kuliko mengine.

"Mama, wewe ni mtu mzima na umezaa. Kwa kumwona kwako, Limi alikuwa na umri gani?"

Hapo ndipo Donatus alipomwelekeza apite. Bernadina alikuwa amelikariri jibu ndani ya basi, na alikuwa amelikariri tena kibarazani. Lakini alipomtazama Fredy aliyekuwa akingoja jibu hilo kwa imani yote, kama mtoto angojavyo mama amvushe barabara, alihisi kwamba amekwisha kumdanganya mara moja kwa kunyamaza, na kwamba hana nguvu ya kumdanganya mara ya pili.

"Nilijua ni mtoto," akasema.

Karani aliacha kuandika.

"Nilimng'oa jino la utotoni kabla hamjaanza kukaa pamoja. Nikanyamaza. Mheshimiwa, yeye hakujua. Mimi nilijua."

Fredy hakuuliza tena. Alibaki ameshika karatasi yake, akimtazama mama yake kwa namna ambayo Bernadina hakuwahi kuiona usoni pa mtu yeyote, si hasira wala si machozi. Alikuwa kama mtu aliyeuliza njia kwa ndugu yake, kisha akagundua kwamba ndugu huyo ndiye aliyekuwa akimpoteza.

"Una swali jingine kwa shahidi?" hakimu akauliza.

"Sina, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka alisimama nusu. "Nami sina swali."

*

Hukumu ilisomwa baada ya siku kumi na tisa, milango ikiwa wazi. Hakimu alisoma kwa muda mrefu. Alisema mahakama inaamini kwamba binti alitaja umri wa uongo. Binti mwenyewe amekiri. Inaamini pia kwamba mshtakiwa aliusadiki umri huo, ingawa hakufanya lolote kuuhakikisha. Hapo Donatus alimbana mkewe mkono.

"Lakini," hakimu akaendelea, "katika kosa hili Jamhuri haikutakiwa kuthibitisha kwamba mshtakiwa aliujua umri wa mhanga. Ilitakiwa kuthibitisha umri, na imeuthibitisha. Mtoto hawezi kutoa ridhaa, na uongo wa mtoto hauwezi kumpa ridhaa asiyokuwa nayo. Sheria imemtwika mtu mzima mzigo wa kujua. Asiyejua ajizuie."

Miaka thelathini. Hakimu alisema hiyo ndiyo adhabu ya chini iliyowekwa na sheria, naye hana mamlaka ya kuipunguza. Alivua miwani aliposema hivyo, akaivaa tena.

Nje, Donatus alimfuata karani mzee, akamuuliza mbele ya watu wote: je, ushahidi wa mama ndio uliomfunga kijana?

"Hapana, mzee," karani akasema. "Angesema vile au angesema hivi, hukumu ingekuwa hii hii. Kadi ya kliniki ilitosha. Mnazo siku kumi za kutoa taarifa ya kukata rufaa."

Donatus aliyasikia hayo, lakini hayakumsaidia. Walipanda basi moja, viti tofauti. Kwa wiki tatu hakula chakula alichopika mkewe nyumbani, ila kile cha mgahawani, tena alikaa mezani kama mteja.

*

Fredy alikataa kuonana na mama yake mara mbili. Mara ya tatu akakubali. Walikaa wavu kati yao, askari magereza kando, wafungwa wengine wakipaza sauti kwa ndugu zao. Kwa muda waliongea habari ya rufaa, na ya kikohozi cha baba. Kisha Fredy akasogea.

"Mama, ungeniambia siku ile, ningemwacha?"

Bernadina alilifikiria swali hilo kwa dhati, maana lilistahili.

"Sijui, mwanangu."

"Hata mimi sijui," Fredy akasema. "Nimejiuliza humu kila siku. Alikuwa anaogopa giza. Alikuwa anataka taa iwake. Nilikuwa namcheka. Sasa nawaza, mimi nilidhani ni nini kile? Mtu mzima wa wapi?" Akajipangusa uso kwa bega. "Nilikuwa na hasira na wewe kwa sababu ulijua. Halafu nikaona, na mimi sikuuliza kwa sababu jibu nililopewa lilinifaa."

"Nisamehe, Fredy."

"Bado," akasema, lakini kwa upole. "Nenda kwao. Nasikia wenzake shuleni wanamwambia amemfunga mtu. Mwambie si yeye."

*

Safari hii Bernadina alikwenda Kishapu peke yake. Mbuke alimwona tangu mbali, akamngojea mlangoni. Hawakukumbatiana. Mbuke alileta kigoda akakiweka kivulini, akaleta na maji katika kikombe cha bati, akasimama akimtazama mpaka akayamaliza.

"Anakuja sasa hivi," akasema. "Usimkawize. Huwa hapendi watu."

Limi alikuja na sare ya shule, sketi ya bluu na sweta lililomfupia mikono. Darasani alikuwa mrefu kuliko mwalimu wake. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Bernadina alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yote yalimtoka kichwani. Alisema tu lile alilotumwa, na jingine la kwake: kwamba Fredy amesema si yeye aliyemfunga, kwamba mtoto akidanganya, mkubwa ndiye anayetakiwa kuona, kwamba yeye Bernadina aliona, akanyamaza, na amekuja kuomba radhi. Limi alisikiliza akichimba udongo kwa kidole cha mguu. Haikueleweka kama yamemwingia.

"Atatoka lini?" akauliza.

"Baada ya miaka thelathini. Labda rufaa itasaidia. Labda haitasaidia."

Limi alikunja kidole kimoja, kisha kingine, midomo ikichezacheza, kama wanavyohesabu watoto wa darasa lake. Mbuke alitaka kumkataza, akaacha.

"Mimi nitakuwa na miaka arobaini na mitano," Limi akasema. Akainua uso kumtazama Bernadina, akamtazama vizuri, mvi zake, mikono yake iliyoungua mvuke. "Wewe una mingapi?"

"Arobaini na sita."

"Aa," Limi akasema taratibu. "Kumbe ni mbali hivyo."

Akaomba ruhusa kwa mama yake akateke maji kabla jua halijazama, akachukua ndoo, akaenda.